Umepasuliwa, maumivu utayatuliza vipi? Mwongozo kwa mgonjwa na anayemuuguza, Mtwara na Lindi

Kuna wagonjwa wawili wanaoishia pabaya baada ya upasuaji. Wa kwanza anajikaza. Analala chali siku tatu, hakohoi, hageuki, na muuguzi akipita kumuuliza hali anajibu "namshukuru Mungu", basi. Wa pili alipewa tramadoli za siku chache, akaona zinamfaa, zilipoisha akamtuma kijana wa bodaboda amletee nyingine, na mwezi wa tatu huu bado anatuma. Watu huwaona hawa kama mashariki na magharibi. Mimi naona mara nyingi ni mtu mmoja: alijikaza wodini, akafika nyumbani maumivu yamepanda, hana mpango wowote, na kitu cha kwanza kilichompa usingizi kikawa kidonge kikali.

Njia ya kuwazuia wote wawili ni moja. Maumivu yatibiwe mapema, kwa ratiba, kwa dawa za kawaida zinazosaidiana. Dawa za jamii ya morfini, yaani morfini yenyewe, pethidini, kodeini na tramadoli, ziwe za akiba na ziwe na siku ya mwisho.

Maelezo haya ni ya mtu mzima anayesubiri upasuaji au aliyetoka juzi, iwe Ligula, Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Sokoine Lindi, Ndanda, Nyangao au Mkomaindo. Vipimo vya dawa nilivyoandika ni vya mtu mzima mwenye afya ya kawaida. Mtoto, mjamzito, na mwenye ugonjwa wa figo au ini wana hesabu zao. Na daktari wako akikuandikia tofauti na hapa, fuata ya daktari, lakini muulize sababu.

Unachokizuia ni nini

Maumivu ya kidonda hupungua kadiri nyama inavyoshikana. Yapo mengine yanayobaki kidonda kikiwa kimeshafunga zamani. Yakivuka miezi 3 tangu upasuaji, na hakuna usaha wala ugonjwa mwingine unaoyaeleza, yanahesabiwa kuwa maumivu sugu ya baada ya upasuaji. Shirika la Afya Duniani limeyapa nafasi yake katika orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Humpata takriban mtu 1 kati ya 10 wanaopasuliwa, na wachache kati yao huumwa kiasi cha kushindwa kazi. Upasuaji wa ngiri ya kinena uko kwenye wastani huo. Upasuaji wa kifua na wa titi uko juu zaidi. Aliyekatwa mguu ndiye mwenye mzigo mkubwa: zaidi ya nusu yao huumwa na mguu ambao haupo tena.

Kisu hakikati ngozi peke yake. Hukata au kuvuta mishipa midogo ya fahamu, na mingine hubanwa baadaye na nyuzi au kovu. Taarifa za maumivu zikimiminika siku nyingi bila kupunguzwa, uti wa mgongo na ubongo huanza kukuza kila kinachoingia, hadi mguso wa kanga unawaka. Anayeelekea huko zaidi ni mtu aliyekuwa na maumivu ya muda mrefu kabla ya upasuaji, aliyeumwa vikali siku za mwanzo, mwenye hofu kubwa au sonona, asiyelala, mvutaji sigara, na anayetumia tayari dawa za jamii ya morfini. Vijana hupatwa kuliko wazee, na wanawake zaidi kidogo kuliko wanaume.

Umri wako huubadilishi. Siku za mwanzo unaweza kuzibadilisha. Nisikudanganye kwamba ipo dawa moja ya kinga, haipo. Kuna mambo madogo mengi yanayosaidiana, na mengi yake yako mikononi mwako na mwa anayekuuguza.

Hatua ya kwanza: kabla ya tarehe

Upasuaji wa ngiri, busha au uvimbe kwenye kizazi mara nyingi unapangika. Kwa mkulima wa korosho hapo ndipo pagumu. Fedha huingia baada ya minada inayoanza Oktoba hivi, na zikiingia tu, mvua nazo zimefika na shamba linaita. Mtu anapasuliwa Desemba, wiki ya pili ameshika jembe, wiki ya nne yuko foleni hospitalini akilalamika kinena. Kabla hujakubali tarehe, kaeni kikao. Mjomba awepo, shemeji awepo, na yeyote mwenye kauli nyumbani: nani atalima wiki 6 hizi, nani atachota maji? Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na hakuna mshono wa tumbo unaohimili uzito huo mwezi wa kwanza. Wanaume wanaosubiri kambi za upasuaji wa mabusha, ambazo huendeshwa katika mikoa yetu hii kwa sababu ya ugonjwa wa matende, wapange hivyohivyo. Hata upasuaji ukiwa wa bure, mapumziko yana gharama.

Siku ya kuonana na daktari, sema haya bila kuona haya: una maumivu gani sasa hivi na ya muda gani, hata kama hayahusiani na sehemu itakayopasuliwa, unatumia vidonge gani, pamoja na vile vya "kuchangamsha mwili" na mitishamba, unakunywa kiasi gani cha pombe, umewahi kuwa na vidonda vya tumbo, pumu, kifafa, shida ya figo au ini, na kama upasuaji uliopita ulikusumbua kwa maumivu. Anayetumia tramadoli tayari aseme kweli. Dozi za kawaida hazitamtosha usiku wa kwanza, na mtaalamu wa usingizi asiyejua hilo atadhani mgonjwa anadeka.

Sigara ziachwe, ikiwezekana wiki 4 kabla. Hofu nayo isichukuliwe kuwa ni udhaifu. Mtu anayejua kesho ataamka na nini, mrija uko wapi, nani atakuwa kando ya kitanda, hulala vizuri zaidi na huhitaji dawa kidogo. Dua isomwe, na maswali yaulizwe pia.

Hatua ya pili: swali kwa mtaalamu wa usingizi

Wengi wetu tunaongea na daktari anayepasua na kumsahau yule wa usingizi, wakati yeye ndiye mwenye ufunguo wa saa 24 za kwanza. Muulize: "Nikiamka, ganzi itakuwa bado inafanya kazi?" Upo uwezekano wa kuchoma ganzi kwenye kingo za kidonda kabla ya kushona, au kuizungusha kwenye mishipa ya fahamu inayohudumia sehemu hiyo, ya kinena kwa ngiri, ya ukuta wa tumbo kwa mama anayejifungua kwa upasuaji, ya bega au paja kwa mfupa. Dozi ndogo ya morfini ikiingizwa pamoja na sindano ya mgongo inaweza kutuliza karibu siku nzima, ingawa huleta kuwashwa. Si kila hospitali ina kila kitu, ila ganzi ya kidonda ni kitu cha kawaida, na kuuliza hakumkeri mtaalamu anayejua kazi yake.

Hapa niseme jambo kuhusu sindano ya mgongo, maana akina mama wengi huilaumu kwa kila maumivu ya kiuno ya miaka iliyofuata. Pale ilipochomwa pataumia siku chache. Kichwa kinaweza kuuma sana ukikaa au ukisimama na kutulia ukilala, na hilo ripoti mara moja kwa sababu linatibika. Lakini tafiti hazijaonyesha kwamba sindano hiyo huleta maumivu ya mgongo ya kudumu. Ujauzito, kubeba mtoto na kunyonyesha umejikunja vinatosha kuumiza kiuno. Kuikataa na kudai nusukaputi kwa hofu hiyo ni kujinyima njia mojawapo nzuri ya kuanza bila maumivu makali.

Hatua ya tatu: siku tatu za kwanza, dawa kwa saa

Ukibaki na jambo moja kutoka humu, libaki hili: siku 3 za kwanza usisubiri maumivu ndipo umeze dawa. Kidonge cha kumeza huchukua nusu saa hadi saa nzima kufanya kazi. Ukisubiri mpaka usage meno, utakuwa umechelewa, na utaomba kitu kikali zaidi.

Nguzo ni mbili. Ya kwanza ni parasetamoli, Panadol kwa wengi wetu. Watu huidharau kwa sababu ni ya homa na bei yake ni ndogo, lakini ikimezwa kwa ratiba pamoja na nguzo ya pili inapunguza sana uhitaji wa morfini. Ya pili ni dawa ya jamii ya ibuprofeni au diklofenaki, inayopunguza uvimbe. Zinafanya kazi kwa njia tofauti, kwa hiyo zinakwenda pamoja bila kugombana. Ratiba inaweza kuwa hivi:

Parasetamoli, vidonge 2 vya mg 500: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku.

Ibuprofeni mg 400, baada ya kula: saa 2 asubuhi, saa 8 mchana, saa 2 usiku.

Anayeuguza aiandike kwenye karatasi na aweke alama kila dozi inapomezwa, maana usiku wa pili hakuna anayekumbuka. Ile ya saa 6 usiku unaweza kuiacha baada ya siku mbili ukiwa unalala vizuri.

Sasa mipaka, na hii isomwe polepole. Parasetamoli isizidi vidonge 8 kwa saa 24. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye ini bovu na mnywaji wa kila siku wapunguziwe na daktari. Mtego mkubwa wa huku kwetu ni diklopa. Kidonge kile kina diklofenaki na parasetamoli ndani yake. Mtu anameza Panadol mbili kwa ratiba, jirani anamletea diklopa "za kuongezea nguvu", na bila kujua ameshavuka kipimo cha parasetamoli, na kama alikuwa kwenye ibuprofeni amejirundikia dawa mbili za jamii moja tumboni. Dawa nyingine za maumivu na mafua za dukani zina parasetamoli pia. Soma paketi kabla ya kumeza.

Ibuprofeni na diklofenaki ni ndugu, chagua moja. Hospitali ikikupa diklofenaki, mara nyingi mg 50 mara tatu kwa siku, basi ibuprofeni iache. Jamii hii haimfai mwenye vidonda vya tumbo, figo zilizochoka, moyo unaoshindwa kazi, pumu inayochochewa na aspirini, mjamzito kuanzia wiki ya 20, wala anayemeza dawa za kuyeyusha damu. Aliyeharisha au kutapika sana na kukaukiwa maji asimeze mpaka arejeshe maji. Baada ya upasuaji fulani daktari huizuia kwa hofu ya damu kutoka, kwa hiyo subiri kauli yake. Mama anayenyonyesha anaweza kutumia parasetamoli na ibuprofeni.

Utajuaje kwamba dawa zinatosha? Wauguzi huuliza namba, 0 hakuna maumivu, 10 hayavumiliki. Toa namba ya kweli. Mimi napenda kipimo kingine zaidi: unaweza kuvuta pumzi hadi mwisho, kukohoa, kugeuka na kukaa ukingoni mwa kitanda? Ukiweza, hata kama inauma kidogo, dawa zinafanya kazi. Usipoweza, hazitoshi, hata kama umelala kimya unaonekana mstaarabu. Lengo si sifuri. Anayetafuta sifuri atavuka kipimo.

Usiku wodini muuguzi ni mmoja na vitanda ni vingi. Anayeuguza asione tabu kumfuata na kusema kwa adabu: "Samahani dada, mgonjwa wangu ameshindwa kugeuka, na dozi yake ya mwisho ilikuwa saa 12 jioni." Sentensi hiyo ina kila kitu anachohitaji kujua ili achukue hatua.

Hatua ya nne: morfini na tramadoli, lini na mpaka lini

Huko Marekani tatizo lilikuwa wingi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia watu ambao hawakuwa wakitumia dawa hizi kabla ya upasuaji, ukakuta takriban 6 kati ya 100 walikuwa bado wanazichukua zaidi ya miezi 3 baadaye. Cha kushtua, waliofanyiwa upasuaji mdogo na waliofanyiwa mkubwa walikuwa karibu sawa. Maana yake si ukubwa wa kidonda uliowabakisha kwenye dawa. Waliobaki zaidi walikuwa wavutaji sigara, wanywaji, wenye sonona na wasiwasi, na wenye maumivu mengine ya zamani.

Kwetu mambo ni kinyume, halafu ni yaleyale. Wodini morfini huwa haba na mgonjwa huipata kwa shida, kisha mtaani tramadoli inapatikana kwa mtu anayejua pa kubisha. Kwa hiyo usichukue maneno ya Marekani ukayapachika hapa. Mtu aliyefunguliwa tumbo akikataa sindano ya morfini usiku wa kwanza kwa kuwa amesikia ni "madawa ya kulevya" anajiumiza bure. Siku moja au mbili chini ya uangalizi hazimfanyi mtu teja. Hatari inaanza dawa inapotoka hospitalini kwenda nyumbani bila siku ya mwisho.

Ukiandikiwa tramadoli ya kwenda nayo, muulize daktari mambo matatu, na anayeuguza ayaandike juu ya bahasha ya dawa: nimeze maumivu yakifika wapi, vidonge vingapi kwa siku, na siku gani niwe nimeacha. Kwa upasuaji wa ngiri, busha au kujifungua, wengi hawaihitaji kabisa nyumbani nguzo zile mbili zikifuatwa, au wanaihitaji siku mbili tatu. Aliyepasuliwa mfupa au tumbo kubwa anaweza kuhitaji hadi wiki. Ukijikuta unaitafuta baada ya hapo, usinunue, rudi. Ama kuna kitu kidondani, ama maumivu yamegeuka kuwa ya mishipa ya fahamu, na kwa yote mawili tramadoli zaidi si jibu. Isitoshe, dawa za jamii hii zikitumika muda mrefu zinaweza zenyewe kuufanya mwili uhisi maumivu zaidi, na mgonjwa akaongeza dozi akidhani ugonjwa umezidi.

Tramadoli haichanganywi na pombe, na hapa nazungumzia uraka na gongo waziwazi. Msimu wa mabibo mgonjwa hukaribishwa kikombe "apate usingizi". Pombe na tramadoli kwa pamoja vinaweza kukata pumzi usingizini. Valiamu na dawa nyingine za usingizi ni hivyohivyo. Mwenye kifafa aiepuke, kwa sababu inaweza kuleta degedege, hasa dozi ikizidi. Mtu mzima havuki mg 400 kwa siku kwa hali yoyote. Mtoto chini ya miaka 12 hapewi. Mama anayenyonyesha asitumie tramadoli wala kodeini bila daktari kulijua hilo, kwa sababu miili ya baadhi ya watu huibadilisha dawa haraka mno na kuimwaga kwenye maziwa, na watu wa namna hiyo wapo wengi zaidi Afrika Kaskazini na Mashariki kuliko Ulaya.

Mgonjwa akisinzia kiasi kwamba haamki ukimtikisa, anakoroma kwa pumzi za kuhesabika, chini ya 10 kwa dakika, na mboni za macho zimesinyaa, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Usimpe maziwa wala kitu chochote mdomoni.

Tumbo kufunga ni jambo la kutarajiwa, si bahati mbaya. Siku unapoanza morfini au tramadoli ndiyo siku ya kuanza maji mengi, papai, mboga na mbaazi, na kuomba dawa ya kulainisha choo. Kujikamua chooni ukiwa na mshono wa ngiri ni maumivu ambayo hakuna haja ya kuyaonja.

Kwa aliyekwisha kutumia wiki mbili au zaidi, asikate ghafla. Atatokwa jasho, ataharisha, hatalala, na atadhani ni maumivu yamerudi. Apunguze kidogo kidogo kwa mpango wa daktari.

Hatua ya tano: inuka

Dawa zinakutuliza ili uinuke. Ukizimeza ukabaki umelala, umepata nusu ya faida. Isipokuwa umekatazwa, kaa ukingoni mwa kitanda na usimame ndani ya saa 24. Mama aliyejifungua kwa upasuaji aanze ganzi ya miguu ikishaisha kabisa, na mtu akimshika. Panga kuinuka saa moja baada ya dozi, si kabla. Geuka ubavu kwanza, shusha miguu, sukuma kwa mkono. Ukitaka kukohoa, kunja kanga mara nne, ibane juu ya mshono kwa mikono miwili, kisha kohoa. Vuta pumzi ndefu mara 10 kila saa ukiwa macho. Kutafuna bigijii baada ya upasuaji wa kujifungua husaidia tumbo kuamka mapema. Linaonekana jambo la kitoto, lakini limefanyiwa utafiti.

Barafu husaidia sana kwenye goti, kifundo na korodani baada ya busha. Ile ya kwenye mfuko wa nailoni, ifunge kwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, kisha pumzisha. Aliyetolewa busha avae chupi inayobana na kuinua. Hilo peke yake hupunguza malalamiko.

Kuhusu kukandwa. Bibi wa mzazi anakuja na maji ya moto kwa nia njema, na mila ya kumtunza mzazi siku arobaini ina mengi mazuri, chakula, usingizi, kuondolewa kazi. Migongo na miguu ikandwe kwa maji ya uvuguvugu, sawa. Mshono usiguswe na maji ya moto wala kukamuliwa. Nimeona njia nzuri ya kulisema hili bila ugomvi: anayeuguza amtangulie bibi, amwambie daktari amekataza, na ampe kazi ya uji.

Hatua ya sita: safari na wiki ya kwanza nyumbani

Barabara ya kupanda Newala au vumbi la kwenda Liwale vina mashimo ya kutosha. Meza dozi saa moja kabla ya kupanda gari, kaa mbele, kanga iwe juu ya mshono chini ya mkanda. Bodaboda si usafiri wa mtu aliyeshonwa tumbo, hata kama dereva ni mpwa wako.

Nyumbani, acha dawa kwa mpangilio. Tramadoli ndiyo ya kwanza kuondoka. Kisha ibuprofeni, kwa kawaida ndani ya siku 5 hadi 7. Parasetamoli inafunga safari. Watu wengi hufanya kinyume: huacha "vile vidogo" na kubaki na kikali kwa sababu kinaleta usingizi.

Tramadoli zilizobaki zirudishe famasi. Usipoweza, zisage, changanya na majivu, tupa chooni. Zisikae kabatini zikisubiri mgongo wa shemeji au vijana wa nyumba.

Rudi hospitali bila kungoja tarehe ukiona haya: maumivu yanayopanda baada ya kuwa yameshuka, homa, usaha au harufu, tumbo kuvimba na kutapika, shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukata. Aliyefungwa POP, yaani plasta ngumu ya mfupa, akihisi maumivu yanayozidi kila saa, vidole vimekufa ganzi au vimepauka, aende usiku huohuo. Hayo si ya kutulizwa kwa kidonge.

Hatua ya saba: wiki ya 2, wiki ya 6, mwezi wa 3

Wiki ya pili maumivu yawe yamepungua waziwazi. Wiki ya sita wengi wanarudi kwenye kazi nyepesi. Rudi kwa kupima, nusu ya mzigo kwanza, na ukiumwa zaidi kesho yake punguza, usiache kabisa. Kuogopa kuutumia mwili nako hukuza maumivu.

Kinachotafutwa kati ya wiki ya 2 na ya 6 ni dalili za mishipa ya fahamu: kuwaka, kuchoma kama shoti ya umeme, ganzi iliyochanganyika na maumivu, ngozi isiyotaka kuguswa na nguo. Ukiyaona, yataje kwa maneno hayohayo kwa daktari, usiseme tu "bado panauma", kwa sababu matibabu yake ni mengine. Parasetamoli haiyagusi sana. Dawa inayotumika mara nyingi kwetu ni amitriptilini, dozi ndogo ya mg 10 au 25 usiku. Haifanyi kazi siku ya kwanza, ipe wiki kadhaa, na isichanganywe na tramadoli bila daktari kujua. Usishtuke ukisoma kuwa ni dawa ya sonona. Kwa dozi hii kazi yake ni mishipa ya fahamu. Kusugua kovu taratibu kwa kitambaa laini, kisha kigumu kidogo, mara kadhaa kwa siku baada ya kidonda kufunga kabisa, huizoesha ngozi upya. Wakati mwingine mshipa wa fahamu umenaswa kwenye mshono wa ngiri, na sindano ya ganzi mahali pale hutibu na kuthibitisha kwa wakati mmoja.

Aliyekatwa mguu, iwe kwa ajali au kwa kisukari, na anaumwa na mguu ambao haupo, aelezwe na watu wa nyumbani mwake waelezwe: hajarogwa na hajachanganyikiwa. Ubongo bado unatafuta mguu. Amitriptilini humsaidia baadhi, na yapo mazoezi ya kioo yasiyo na gharama. Kile kirefu cha kabatini kinasimamishwa katikati ya mapaja, upande unaoakisi ukitazama mguu mzima, na mgonjwa anautazama kwenye kioo huku akiuchezesha taratibu, dakika 15 hivi kila siku kwa wiki kadhaa. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, asimame na amweleze mtaalamu wa mazoezi ya viungo.